Bibi Daktari Marjory Warren, Aliyewainua Wazee Vitandani

Magharibi ya mji wa London, si mbali na mto Thames, pana mahali paitwapo Isleworth. Hapo ipo hospitali kubwa ambayo hata leo yapokea wagonjwa wa kila namna. Lakini matabibu wakiulizwa habari za elimu ya kutibu wazee, ilianzia wapi, wengi hupataja mahali hapo, na pamoja napo hulitaja jina la mwanamke mmoja, Marjory Warren. Bibi huyu hakuvumbua dawa mpya wala chombo kipya. Alilolifanya ni hili: aliingia katika vyumba walimolala watu waliokwisha kukatiwa tamaa, akamtazama kila mmoja peke yake, akauliza ana ugonjwa gani. Katika kurasa hizi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, maana zamfaa kila mtu mwenye mzazi mzee nyumbani mwake.

Kwanza yatupasa kujua vyumba vile vilitoka wapi. Zamani katika Uingereza wazee wasio na jamaa walisaidiwa sana na nyumba za watawa. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba hizo, kati ya mwaka 1536 na mwaka 1540, maskini wengi walibaki bila kimbilio. Mwaka 1601 ikatolewa sheria kwamba watu wa kila parokia walipe kodi ya kuwatunza maskini wao. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia mbili. Kisha, mwaka 1834, ikaja sheria nyingine iliyokuwa ngumu sana. Kwa sheria hiyo zilijengwa nyumba kubwa za maskini, na ilikusudiwa kwamba maisha ya humo yawe mabaya kuliko ya mfanya kazi maskini kabisa aliye nje, ili watu waogope kuingia. Wenye nguvu walipewa kazi ya kupasua mawe au kuchambua kamba kuukuu. Waume na wake walitengwa, na ni mwaka 1847 tu ndipo ilipokubaliwa kwamba wenye miaka zaidi ya 60 wasilazimishwe kukaa mbalimbali.

Waliotunga sheria hiyo waliwaza habari za wavivu. Lakini ziku zilipopita, waliozijaza nyumba zile hawakuwa wavivu, bali wazee, wagonjwa na wasiojiweza. Kwa hiyo kando ya nyumba za maskini zikajengwa hospitali zake, na hospitali ya Isleworth ilikuwa mojawapo. Wazee wa Uingereza waliziogopa mno nyumba hizo. Kufia humo kulihesabiwa kuwa aibu kwa mtu na kwa ukoo wake.

Marjory Warren alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1897. Baba yake alikuwa wakili, naye Marjory alikuwa wa kwanza katika mabinti watano. Siku zile njia ya mwanamke kuwa tabibu ilikuwa nyembamba. Chuo cha London cha kuwafundisha wanawake utabibu kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1874 kwa taabu nyingi, na kwa miaka mitatu hapakuwa na hospitali kubwa ya mji ule iliyokubali wanafunzi wake waingie kujifunza penye wagonjwa. Mwaka 1877 hospitali iitwayo Royal Free ikawafungulia mlango. Marjory Warren alijifunza katika njia hiyo iliyofunguliwa na wanawake waliomtangulia, akapata cheti chake cha utabibu mwaka 1923. Mwaka 1926 akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Isleworth, naye hakuiacha tena mpaka kufa kwake. Hapo mwanzo alipendezwa sana na kazi ya upasuaji. Walio juu yake waliona kuwa ana bidii na akili, akapandishwa cheo akawa naibu wa mkuu wa hospitali.

Mwaka 1929 Bunge lilitoa sheria ya kuzivunja zile halmashauri za maskini, na hospitali zao zikatiwa chini ya serikali za majimbo. Hivyo hospitali ya Isleworth ikawa mali ya jimbo la Middlesex, ikaitwa West Middlesex. Jirani yake kabisa ilisimama nyumba ya maskini ya zamani pamoja na vyumba vyake vya wagonjwa. Mwaka 1935 nyumba hiyo ikaunganishwa na hospitali, na wagonjwa wake wakawekwa mikononi mwa Bibi Warren. Vitanda alivyopewa vilikuwa 714. Haikuwa kazi ya kutamaniwa. Tabibu aliyetafuta sifa siku zile alitafuta wagonjwa wanaopona upesi, wala hakuna aliyedhani kwamba heshima yaweza kupatikana kwa wazee wa nyumba ya maskini.

Basi, Bibi Warren akaingia, akaona. Vyumba vilikuwa virefu, vyenye rangi ya kijivu na nuru haba. Vitanda vilipangwa safu kwa safu, na katika kila kitanda mtu amelala. Wengine walikuwa wamelala hivyo kwa miaka. Vijana waliopooza walichanganywa na wazee sana. Waliorukwa na akili walilazwa karibu na wenye akili timamu. Aliyevunjika mguu alilala kando ya aliyekuwa akifa. Wengi hawakuwa wamechunguzwa vema tangu siku ya kuingia. Neno lililoandikwa katika karatasi zao lilikuwa kwamba ni wagonjwa wa siku nyingi, wasiopona. Wauguzi walikuwa wachache. Kutwa waliinua, waliosha na kulisha, hata nguvu zikawaishia, na hapakuwa na tumaini lolote la kuwafurahisha katika kazi hiyo. Hapakuwa na ukatili katika nia yao. Walikuwa wamezoea, basi.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo zito. Kama wazee hao walilala kwa sababu ya uzee wenyewe, basi hapakuwa na la kufanya ila kuwatunza kwa upole mpaka mwisho. Lakini je, kama uzee haukuwa ndio sababu? Je, kama walikuwa na magonjwa yanayotibika ambayo hakuna aliyeyatafuta? Bibi Warren hakutaka kubahatisha. Akaanza kuwapima mmoja mmoja, mamia ya watu, kama kwamba kila mmoja ameletwa hospitali siku ileile. Akauliza habari za maisha yao, akasikiliza mioyo na vifua vyao, akatazama macho, meno, viungo na nyayo. Kisha akawagawa kwa makundi. Kundi la kwanza walikuwa wale wawezao kuondoka kitandani. La pili, wale wasioondoka kitandani lakini waweza kuzuia haja zao. La tatu, wale wasioweza kuzizuia. La nne, wale waliochanganyikiwa kwa uzee lakini ni watulivu. Na la tano, wale waliopungukiwa na akili hata ikapasa watengwe na wenzao. Kila kundi akalipa mahali pake na utunzaji wake.

Katika kupima huko aliona jambo ambalo leo kila muuguzi hufundishwa. Mara nyingi kilichomdhoofisha mzee ni kitanda chenyewe. Mtu akilazwa siku nyingi bila kuondoka, misuli ya miguu hunyauka, maana kiungo kisichotumika hupoteza nguvu. Magoti hujikunja na kukakamaa, hata siku ya kutaka kusimama hayanyoki tena. Ngozi ya matako na ya visigino, ikikandamizwa sikuzote, hufanya vidonda vibaya. Makohozi hukusanyika kifuani na kuleta homa ya mapafu. Mtu huyo hushindwa kuzuia haja, na kwa aibu yake hunyamaza. Mwisho akili nayo hulala, kwa kuwa haina la kutazamia. Hivyo mzee aliyeingia kwa ugonjwa wa majuma machache hugeuka kuwa mgonjwa wa maisha, na watu husema ni uzee. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Na katika vyumba vile mioyo ilikuwa imekufa kwanza, kisha miili ikafuata.

Kwa hiyo Bibi Warren akabadili mambo, naye alianza na mambo yaonekanayo kuwa madogo. Kuta za kijivu zikapakwa rangi nyeupe ya maziwa. Taa zikaongezwa. Vitanda vikapata mablanketi mekundu ya kupendeza macho, na kando ya kila kitanda pakawekwa kabati dogo, mzee aweke vitu vyake mwenyewe. Kutani vikatiwa vyuma vya kushikia kwa ajili ya wanaojifunza kutembea. Kisha akawataka wauguzi wawaondoe wagonjwa vitandani mapema, wala wasingoje mpaka viungo vimekwisha kukakamaa. Aliyepigwa na kiharusi alianza mazoezi tangu siku za kwanza: leo akae kitandani, kesho ashushe miguu, kisha asimame akishika kitanda, kisha apige hatua moja. Haba na haba hujaza kibaba. Hata waliokatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa, ambao watu walidhani ni wazee mno wasiweze kuujaribu mguu wa bandia, aliwapatia, akawafundisha kuutumia.

Tena alijua kwamba tabibu peke yake hawezi kazi hiyo. Alikusanya watu wa kazi mbalimbali, wakamshughulikia mgonjwa mmoja kwa shauri moja: wauguzi, wafundishaji wa mazoezi ya viungo, walimu wa kazi za mikono, watunza miguu, na watumishi wenye kazi ya kuuliza mgonjwa atakwenda kwa nani siku ya kutoka. Mtu mwenye kucha zilizoota vibaya hawezi kutembea hata akipewa dawa ya kila namna. Na mtu aliyejifunza kutembea, lakini hana nyumba, atarudi kitandani tena. Kwa hiyo Bibi Warren alihesabu ukucha na nyumba kuwa mambo ya utabibu pia.

Matunda yalionekana. Watu waliolala miaka wakasimama. Si wote, wala yeye hakudai kwamba ni wote. Wako waliokuwa wamechelewa mno, na hao akawatunza kwa heshima mpaka kufa kwao. Lakini wengi walirudi kwao, na wengine wakahamia katika nyumba za wazee, mahali wanapoishi kama watu wa nyumbani, si kama wagonjwa. Vile vitanda 714 vikapungua hata kufika 240, na wagonjwa wakaingia na kutoka mara tatu kuliko kwanza. Vitanda vilivyobaki wazi wakapewa wagonjwa wa kifua kikuu. Wauguzi nao walibadilika. Kazi iliyokuwa ya kungojea mauti ikawa kazi yenye furaha, maana sasa waliona mtu waliyemwosha jana akienda mwenyewe penye maji.

Mwaka 1939 vita kuu ya pili ikaanza. Hospitali za Uingereza ziliamriwa kuacha vitanda wazi kwa ajili ya watu watakaoumizwa na mabomu, na wagonjwa wa siku nyingi wakaondolewa kwa maelfu. Ndipo watu wengi walipoona kwa macho yao kwamba hakuna aliyejua la kufanya na wazee hao. Katika taabu hizo Bibi Warren aliandika. Mwaka 1943 gazeti la chama cha matabibu wa Uingereza lilichapisha maelezo yake juu ya utunzaji wa wagonjwa wa siku nyingi, na mwaka 1946 gazeti liitwalo The Lancet likachapisha mengine. Shauri lake lilikuwa wazi. Wazee wagonjwa wasitupwe katika majengo ya mbali, bali wawe na sehemu yao ndani ya hospitali kuu, penye vyombo vya kupimia na matabibu wa kila elimu. Tena wanafunzi wa utabibu na wa uuguzi wafundishwe penye vitanda vya wazee, maana wasipojifunza hapo watawadharau maisha yao yote. Na utunzaji huo uhesabiwe kuwa elimu yenye cheo chake, kama vile utunzaji wa watoto.

Elimu hiyo ilikuwa imekwisha kupewa jina. Mwaka 1909 tabibu wa New York, Ignatz Nascher, aliyezaliwa Vienna, aliliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya uzee na la pili lenye maana ya kutibu. Kwetu twaweza kuliandika jeriatria. Lakini jina ni jambo moja, na hospitali ni jambo lingine. Bibi Warren ndiye aliyeonyesha katika vyumba vyake namna ya kuifanya kazi hiyo.

Watu wakaja Isleworth kutazama. Mmoja wao alikuwa Bwana Amulree, tabibu wa wizara ya afya, naye alipoona akasadiki, akawa mtetezi wa wazee katika serikali. Wako na wengine waliofuata njia hiyohiyo mahali pengine. Lionel Cosin, tabibu wa upasuaji katika hospitali ya Orsett, jimbo la Essex, aliwapasua wazee waliovunjika nyonga na kuwafanya watembee, badala ya kuwaacha walale mpaka kufa. Trevor Howell aliwachunguza askari wazee wa Chelsea. Mwaka 1947 watu hawa na wenzao wachache, pamoja na Bibi Warren, waliunda chama cha matabibu cha kutunza wazee, na Bwana Amulree akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1959 chama kilibadili jina kikaitwa British Geriatrics Society, nacho kipo hata leo. Mwaka 1948, serikali ya Uingereza ilipozitwaa hospitali zote ili kila mtu atibiwe bila kulipa, kutibu wazee kulikubaliwa kuwa kazi yenye mabingwa wake.

Asidhani msomaji kwamba njia ilikuwa laini. Matabibu wengi waliendelea kuidharau kazi hiyo, wakiona kwamba ni kupoteza elimu. Tena lilikuwako jambo jingine, chungu zaidi. Mzee akilazwa miaka mingi, mahali pake nyumbani huzibwa. Chumba chake hupewa mwingine, kiti chake hukaliwa, na watu huzoea kuishi bila yeye. Siku ya kuambiwa kwamba amepona na aweza kurudi, si kila jamaa hufurahi. Kwa hiyo Bibi Warren alikaza sana kwamba mgonjwa mzee apimwe na kutibiwa upesi, katika majuma ya kwanza, kabla ya mlango wa kwao kufungwa. Kuchelewa kuliwadhuru wazee mara mbili, katika viungo vyao na katika nyumba zao.

Aliendelea na kazi yake katika miaka ya 1950, akifundisha, akiandika, akisafiri katika nchi za mbali kuwaeleza matabibu wenzake yale aliyoyaona. Mwezi wa Septemba mwaka 1960 alikuwa safarini kwenda Ujerumani penye mkutano. Njiani, katika nchi ya Ufaransa, motokaa ikapata ajali, naye akafa. Umri wake ulikuwa miaka 62. Hakufikia uzee mkuu wa wale aliowatumikia. Miaka mitano baada ya kufa kwake, mwaka 1965, chuo kikuu cha Glasgow kilimweka Ferguson Anderson kuwa profesa wa kwanza ulimwenguni wa elimu ya kutibu wazee. Leo hospitali nyingi za Ulaya na za nchi nyingine zina sehemu ya wazee, yenye vyuma vya kushikia ukutani na watu wa kazi mbalimbali wanaokaa pamoja kushauriana juu ya mgonjwa mmoja. Wengi wa wanaofanya hivyo hawajui kwamba wamfuata Bibi wa Isleworth.

Sisi nasi, ndugu wasomaji, tuna wazee wetu. Mara nyingi hawalali katika hospitali, hulala ndani ya nyumba zetu, katika chumba cha nyuma, nasi huwapelekea uji na maji tukidhani tumemaliza wajibu wetu. Mama aliyekuwa akienda shambani mwaka jana sasa haondoki kitandani, na mtu akituuliza ana nini, twajibu kwamba ni uzee. Habari za Bibi Warren zatufundisha kutolijibu swali hilo upesi hivyo. Huenda ni ugonjwa wa macho, au wa nyonga, au wa moyo, au kiharusi kidogo, nayo yafaa apelekwe kwa tabibu kama tungalivyompeleka mtoto. Wakati wa kungoja, tusimwache alale tu. Tumsaidie aketi, tumshike mkono mpaka mlangoni, tumwekee kiti chake barazani penye jua na penye watu wapitao, na mahali pake penye chakula tusimpe mwingine.